Pete ya Mkono wa Kushoto

Mwika, 6 Mei 2024

Mwanangu Martin,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, ila mvua inapiga mpaka migomba inalala chini. Goti langu limepoa. Masikio ndiyo yale yale, kwa hiyo endelea kuniandikia tu, maana simu nikiiweka sikioni nasikia nyuki. Wewe je? Kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kimekuacha?

Nina ugomvi na wewe. Mtu anachumbia, halafu mama yake anakuja kuonyeshwa na jirani! Kindness mke wa Godwin alikuja na simu yake, akaniambia kwa mikono niangalie. Nikakuona umepiga goti ndani ya lile shati jeupe, na pete inang'aa, na wanakwaya wenzako wamewazunguka wote midomo wazi wanaimba. Na binti mwenyewe, Violet wako, anavuta mkono nyuma kwa aibu. Nikasema huyu amelelewa. Siku hizi wengine wananyoosha mkono kabla hawajaombwa.

Nilimwomba Kindness aje na simu kwenye sala ya Jumuiya yetu, nikawaonyesha wanawake wote. Nilipiga vigelegele peke yangu. Wenzangu walinyamaza, Mektrida akaanza kukunja kanga yake. Nikajua ni kijicho, watoto wao bado wanazurura.

Sasa niambie, kwao Kilema tunapeleka pombe ya mbege ya posa lini? Ulezi wa kuipikia ninao. Nakutumia barua hii kwa Rogath anayeshusha ndizi soko la Mbuyuni. Mpe jibu.

Mama yako mwenye furaha.

---

Njoro, 9 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, kikohozi kimepungua. Nimefurahi goti limepoa. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama pale karakana, nikaimalizia nimekaa chini kwenye vyuma.

Mama, walikuwa hawaimbi.

Hukuwahi kumwona Violet karibu, na mimi sikukuambia, kwa sababu yeye hapendi isemwe. Alipokuwa mdogo, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Kidole cha pete hakipo. Shuleni anakofundisha chekechea watoto wameshazoea, ila mbele ya watu wazima anauficha mkono kwenye mfuko wa sweta. Mimi nimejua tangu mwanzo. Nilimwambia haunisumbui, na ni kweli.

Lakini Antoni, mwenyekiti wa kwaya, aliniambia siku hizi uchumba bila watu na bila pete si uchumba. Nikakubali. Nikapanga moyoni nitamvalisha mkono wa kulia, sikumwambia mtu, hata yeye. Baada ya mazoezi wakafunga mlango wa ukumbi, nikapiga goti, nikashika mkono wa kulia. Antoni akapaza sauti, "Kushoto, fundi! Uchumba ni kushoto!" Wengine wakaitikia, "Kushoto! Kushoto!" Hiyo ndiyo midomo uliyoiona, Mama. Violet akanitazama. Akaniambia polepole, "Martin, hapana."

Ningesimama tu. Ningesema jamani tuacheni. Badala yake nikaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta yake, nikautoa ule mkono. Nikauvuta. Wote wakauona. Mtu mmoja nyuma akacheka, na mimi, sijui kwa nini, nikacheka pia.

Akatoka. Tangu siku hiyo hapokei simu. Kwaya haji. Video wameisambaza, na kila nikiifikiria najiona nacheka.

Naomba unikatie jani la isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, umpe Rogath. Nitaipeleka kwa wazazi wake Kilema. Kwa isale hawawezi kunikatalia.

Mwanao, naona haya hata kuandika jina langu.

---

Mwika, 14 Mei 2024

Martin,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua unaumwa moyo, sikuulizi hali.

Nimesoma barua yako jikoni na sijala. Kumbe Mektrida alikuwa ananionea huruma. Wote walisikia zile kelele na kile kicheko. Mimi peke yangu ndiye niliyesimama katikati ya Jumuiya napiga vigelegele kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu anayedhalilishwa, na nikawaomba wairudie. Waliirudia mara mbili kwa ajili yangu. Sijui nitamtazama nani Jumapili.

Isale sikukatii. Isale ni jani la amani, na ulivyosema ndivyo ilivyo, anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Watu wameuana na isale ikawapatanisha. Lakini huyu binti alisema hapana mbele ya watu na wewe ukavuta. Sasa unataka umpelekee kitu kingine ambacho hawezi kukikatalia, tena umpitishie kwa wazazi wake? Hapana, baba. Iache mpakani.

Nikwambie kitu ambacho hujawahi kuniuliza. Mimi marehemu baba yako hakunivalisha chochote. Pete ya kwanza niliivaa siku ya ndoa kanisani. Kabla mbege ya akina baba yako haijapokelewa, shangazi yangu aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniuliza, "Unamtaka?" Nikachochea moto. Akaniuliza tena. Mlango ulifungwa ili nikikataa asijue mtu. Dada yangu Tabitha alikataa mle mle jikoni, na hadi leo hakuna anayejua aliyekataliwa alikuwa nani. Sisi tunaambiwa wa zamani hatukuwa na mapenzi, lakini tuliulizwa mahali ambapo hapana ilikuwa inawezekana.

Huyu Violet hujamuuliza bado. Ulimwonyesha kwa watu tu.

Mama yako.

---

Njoro, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Naamini mvua imepungua na ng'ombe wamepata majani. Mimi nipo.

Sikukusikiliza, nisamehe. Nilipomaliza kusoma barua yako nilielewa habari ya isale, lakini kuhusu pete nilielewa vibaya. Nikaona tatizo ni kidole tu, basi nitafute kitu kisichohitaji kidole. Rafiki yangu mmoja alimchumbia mkewe kwa saa ya mkononi, mwingine kwa mtamba wa ng'ombe, na kuna mtalii kule mlimani aliyefunga kamba ya kiatu kwenye mkono wa mwanamke wakiwa kileleni, wakalia wote. Nikanunua mkufu, nikampa Bernadetha anayekaa naye ampelekee. Ukarudi. Nikanunua saa. Ikarudi ndani ya boksi lake, na Bernadetha akasema, "Anauliza unanunua nini."

Nikakaa na hilo swali. Ijumaa nikaenda mikono mitupu. Alikuwa anafagia darasa, watoto wameshaondoka. Hakunikaribisha, ila hakunifukuza. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema, "Msamaha wa nini?" Nikasema wa pete. Akaendelea kufagia.

"Pete haikunifanya kitu," akasema. "Martin, nilikuambia hapana kwa sauti ya kusikiwa na wewe peke yako. Wale hawakunisikia, siwalaumu sana. Wewe ulinisikia."

Nikasema nilichanganyikiwa.

"Na ulicheka."

Nikamuuliza nifanye nini, akaniambia hilo si la kumuuliza yeye. Akafunga darasa, akaenda.

Naenda kazini, nachomelea mageti ya watu. Nikivaa ile miwani nyeusi nashukuru hakuna anayeniona macho.

Mwanao.

---

Mwika, 30 Juni 2024

Martin mwanangu,

Hujambo? Rogath amekuja mara kadhaa bila barua. Najua kunyamaza kwako.

Mimi Jumapili baada ya sala nilisimama kwenye Jumuiya. Nikawaambia nilichowaonyesha hakikuwa sherehe, ni mwanangu alimkosea mtoto wa watu, na mimi nilimshangilia kwa sababu sisikii. Mektrida alinishika mkono akanikalisha. Sikuandikii ili uniige. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Kula. Nimekutumia ndizi na maziwa ya mgando.

Mama yako.

---

Njoro, 18 Agosti 2024

Mama yangu,

Shikamoo sana. Unisamehe kimya. Habari za Mwika, habari za kahawa? Mmeanza kuchuma? Mimi mzima, na leo naandika nikiwa na nguvu kidogo.

Barua yako ya mwezi wa sita niliiweka chini ya godoro, sikuweza kuijibu. Mama yangu mzee amesimama mbele ya watu kwa kosa langu, na mimi nakaa na kwaya ileile kila wiki naimba besi kama hakuna kilichotokea. Walikuwa wananipiga mgongoni, "Pole fundi, wanawake wana maringo." Na mimi nilikuwa naitikia, "Ndiyo hivyo." Hilo sikukuandikia. Kila nilipoitikia nilikuwa nacheka mara ya pili.

Mwezi wa saba niliomba nafasi kabla ya mazoezi. Antoni akadhani nina tangazo la harusi. Nikasema, "Violet hana maringo. Aliniambia hapana, nikamsikia, nikamvuta mkono kwa sababu niliwaogopa ninyi. Anayo haki ya kutorudi hapa. Mwenye ile video, naomba aifute, na akiulizwa aseme ni aibu yangu, si yake." Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alisema nimeharibu mazoezi. Antoni alitoka nje, na nilipomfuata alikuwa ameinama ukutani. Akasema, "Mimi ndiye niliyeanza kupiga kelele."

Kwa Violet sikwenda. Niliona nikienda itakuwa nimekwenda kudai malipo.

Alikuja mwenyewe, wiki iliyopita, mchana, karakana. Mafundi wakazima mashine wote kututazama. Akaniambia twende nje. Tukatembea hadi kule kwenye chemchemi, tukasimama. Akasema amesikia niliyowaambia wanakwaya. Akasema bado ana hasira, na akiwa na hasira ananikumbuka, hicho ndicho kinachomuudhi zaidi. Nikamuuliza, Mama, nikamuuliza vizuri. Nikamwambia akikataa nitamsindikiza hadi barabarani na hakuna atakayejua kilichosemwa.

Akayatazama maji. Nilikuwa tayari nimeanza kugeuka kumsindikiza.

Akasema, "Nakubali. Lakini usiniletee kitu. Si pete, si mkufu, si ng'ombe. Ya ndoa nitavaa mkono wa kulia, padre nimeshamuuliza."

Nikamwambia watu watauliza alama iko wapi.

"Wakiuliza waambie tumekubaliana. Neno halitoshi kwenu?"

Anataka kuja kukuona peke yake. Amesema nisimsindikize. Mama, mpokee.

Mwanao Martin.

---

Mwika, 2 Septemba 2024

Martin wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Kahawa tunachuma, nzuri mwaka huu. Mgeni wako amekuja na ameondoka salama.

Nilijiandaa wiki nzima kumwomba radhi. Nilipanga na maneno. Alipofika nikaingiwa na woga, nikaanza kumweleza habari za ng'ombe, aliyezaa, anayetoa maziwa, anayepiga teke. Nikamwonyesha kahawa. Nikamwonyesha hata choo kipya. Akanifuata kote ananiitikia. Tukakaa kumenya ndizi za mtori, nikawa namenya mimi tu kwa haraka, nazisogeza kwangu zote, mpaka akanishika kifundo cha mkono, akavuta nusu ya ndizi upande wake. Nikaona nimefanya upuuzi mwingine.

Tulikula. Bado sikusema. Amesimama kuaga, amebeba mkoba, akainama karibu na sikio langu lenye nafuu.

"Mama, ile video uliiona?"

Nikasema niliiona. Machozi yakanitoka. Nikasema niliwaonyesha na wenzangu, mwanangu, tena nilishangilia, sikujua ulikuwa umesema hapana. Nikasema niliwaeleza baadaye, lakini waliokuona wamekuona, siwezi kuyafuta machoni mwao.

Akarekebisha mkoba begani. Nikafikiri ataondoka, na angeondoka nisingemlaumu. Akaniuliza, "Hao wanawake, mtakapoleta mbege nyumbani kwetu, watakuja?"

Nikamuuliza, haogopi? Nisipowaalika hawatakuja, hakuna atakayenuna, wanajua sababu. Nitakuja na wajomba tu.

Akatikisa kichwa. Akasema tena, kwa nguvu, mpaka Godwin jirani akageuka kule shambani:

"Waite wote, Mama. Waje wanione vizuri."

Nimeanza kuwaita. Mektrida amekubali, na ulezi nimeshauloweka.

Mama yenu.