Nimemnyoa Paka Wako

Neema, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hivi una adabu wewe? Tulikuzika mvua zikiwa bado nyingi. Mvua zimekatika, mahindi tumevuna, kahawa tunachuma, na hujanijia hata ndotoni. Babu yako, mtu mvivu kuliko wote niliowajua, alikuja siku ya saba tu baada ya kuzikwa, akadai ugali. Hata yule marehemu jirani tuliyekuwa hatusalimiani alikuja, akasimama mlangoni, akaondoka. Wewe kimya. Nimelala chali, nimelala ubavu, nimehamia kwenye kitanda chako. Kimya.

Anayeandika hapa ni shangazi yako Tabitha, maana mkono wangu unajua jembe, kalamu haujui. Nimemkataza asinyooshe maneno yangu. Analia. Nimemwambia akalie pembeni, karatasi ni moja.

Najua kwa nini hunijii. Ni paka. Basi naanza mimi kabla hujaniuliza: nimemnyoa Madamu. Mgongo, mkia, mpaka mashavu. Sasa kaa chini usikie.

Unakumbuka siku uliyomleta kutoka Tunduma? Kikapu, kitenge juu yake, nikajua umeniletea bata. Nikafunua, nikaona nywele rangi ya majivu, macho kama shaba, na uso bapa. Nikakuuliza, "Huyu amebanwa na mlango?" Ukasema, "Bibi, huyu ni Mwajemi." Mama mmoja uliyefanya naye kazi pale mpakani alikuwa anahama, akakuachia paka na karatasi yake. Ukanisomea ile karatasi: mama yake, bibi yake, bibi wa bibi yake. Nikakasirika kweli. Paka ana ukoo ulioandikwa, na mimi siku niliyozaliwa wanachokumbuka ni kwamba ng'ombe alikuwa amepotea.

Ukaniambia wazee wake walitoka Uajemi, wasafiri wakawabeba mpaka Ulaya, na huko watu wakawa wanachagua: mwenye nywele ndefu kwa mwenye nywele ndefu, mwenye pua fupi kwa mwenye pua fupi, kizazi hadi kizazi, mpaka pua ikaingia ndani. Nikakuambia, sisi hapa Mbozi tunachagua mbegu kwa uzito wa punje, wao wamechagua kwa ubovu wa pua, ndiyo maana anakoroma kama babu yako. Ulicheka ukakaa chini sakafuni.

Ukakaa hapohapo sakafuni ukanifundisha. Nywele zichanwe kila siku, kwanza kitana cha meno mapana, unafunua tabaka kwa tabaka kama unayetafuta chawa. Macho yafutwe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, maana machozi yake hayana njia, yanamwagikia usoni na kuacha doa. Chakula kwenye kisahani, si bakuli. Kwenye bakuli uso unagonga ukingo kabla mdomo haujafika. Asitoke nje. Nikakuuliza, "Huyu ni paka au askofu?"

Halafu hospitali. Hukuniuliza shamba, hukuniuliza nguo zako. Ulisema, "Bibi, usimwache afunge mafundo." Nikasema nitamchana kila siku. Nilisema hivyo nimekushika mkono, na mkono ulikuwa bado wa moto.

Sikumchana.

Watu wa msiba walijaa, moshi ulijaa, Madamu akaingia chini ya kitanda chako. Nilikichukua kitana asubuhi. Kilikuwa na unywele wako mmoja, mweusi, pale katikati ya zile za majivu. Nikakirudisha msumarini. Kesho yake nikakichukua, nikakirudisha. Hivyo hivyo, siku zikapita. Mlango ulikuwa wazi, naye akawa anatoka kwenda kwenye magugu nyuma ya choo, anarudi amejaa vishona nguo, vile vimbegu vinavyonasa. Siku ya kuanua matanga nilipomvuta chini ya kitanda, hakuwa na nywele tena. Alikuwa amevaa mkeka. Fundo limekaza hadi ngozi inavutika, akitembea anachechemea.

Wanaukoo walikuwa uani wananyolewa, kama ilivyo kwetu. Nikambeba nikamweka katikati yao nikasema, "Huyu naye amefiwa. Anyolewe." Shangazi yako akasema, "Mama, paka hanyolewi msiba!" Nikamwambia, "Nani amemlilia Neema kuliko huyu?" Watu wakalia, wakasema bibi ana upendo. Tabitha akashika mkasi, fundo moja baada ya jingine.

Neema, niliwadanganya. Haikuwa mila. Nilijificha nyuma ya mila. Mafundo yale niliyafunga mimi kwa mkono usiofanya kazi. Shangazi yako ndiyo kwanza anasikia sasa hivi, ameacha kuandika ananitazama. Andika, Tabitha.

Madamu akabaki kama panya aliyenyeshewa, na baridi ya mwezi wa sita unaijua. Nikakata mkono wa sweta yako ya shule, nikatoboa matundu ya miguu, nikamvika. Bwana mifugo alikuja kwa jirani kumwangalia ng'ombe, nikamvuta mkono. Akamgeuza geuza, akasema ngozi ni nzima, nywele zitarudi, lakini zikianza kurudi nisiache kuzichana hata siku moja. Baba yako mdogo Ezekia akasema tumpe mtu, hata panya hakamati. Nikamwambia, "Na wewe umekamata wangapi?" Hajalirudia.

Tangu siku ile sijaruka hata asubuhi moja. Chai kwanza, halafu Madamu, ndipo kahawa. Wachumaji wanangoja, wanacheka, wangoje. Unywele wako nimeutoa kwenye kitana, nimeufunga ndani ya ile karatasi ya ukoo wake. Nywele zake sasa zinafika kiungo cha kidole gumba, na hakuna fundo. Nimepitisha vidole asubuhi hii. Hakuna. Mpaka siku watakayonilaza karibu yako, hakutakuwa na fundo. Hilo siombi Mungu anisaidie, nalifanya.

Pumzika, mke mwenzangu. Lakini si pumziko la kunisusa.

Ukija, pitia mlango wa jikoni, ule wa mbele unakwaruza utamshtua. Kitana kiko kwenye msumari uleule. Mgongo na mkia usiguse, nimemaliza. Tumbo ndilo hataki: Tabitha anashika miguu, mimi nachana, wote tunatoka na alama za kucha. Wewe alikuwa anakulalia chali mwenyewe. Kaa sakafuni pale pale, umchane tumbo taratibu.

Ukimaliza, niamshe.

Bibi yako