Kitabu cha Rafu Nyingine

Jumatatu, 6 Julai 1964

Gundi ya mihogo imekuwa nzito tena. Nimeilegeza kwa maji ya moto, nikabandika migongo ya vitabu vitatu kabla wanafunzi hawajaingia biblioteke, maktaba ya chuo. Mikono yangu inanuka kama jikoni.

Alufonsi amekuja na kitabu cha samaki peke yake. Nimemkatalia muhuri. Sheria yangu anaijua: anayechukua cha somo lake achukue na cha rafu nyingine. Wa sayansi abebe sheria, wa sheria abebe picha za wachoraji, wa picha asome magazeti ya zamani. Wakubwa wa chuo hawajui habari hii. Alufonsi akalalamika, "Sefu, acha mutu asome samaki yake kwa amani!" Watu wakacheka. Ameondoka na cha samaki pamoja na kimoja kinene chekundu cha sheria, amevibeba kwapani, amenuna.

Jumatano, 15 Julai

Ajabu. Sasa Alufonsi hataki kukirudisha kile chekundu. Leo amebishana na wanafunzi wa sheria: mto ni wa nani, wa serikali au wa wanaotega samaki? Yeye kwao ni pale maporomoko, babu zake wote ni wavuvi, kwa hiyo ana hasira ya kweli. Nimemwongezea siku. Nilijisifu moyoni, sioni haya kuandika.

Mwaka wa uhuru, juzi tu, miaka minne, mimi nilikuwa mtaani Kabondo kwa papa, baba yangu, namkorogea gundi akijalidi misahafu. Chuo kikuu tulikisikia redioni tu, cha watu wa mbali. Leo niko na ufunguo wake.

Alhamisi, 6 Agosti

Waasi wameingia mjini. Chuo kimefungwa. Wanatafuta watu wa kalamu. Miwani, cheti, karatasi yenye muhuri, ukikutwa nayo umekwisha.

Nimetoka na sanduku la kadi za wakopaji chini ya matembele. Kila kadi ina jina, somo, mtaa, nyumba ya ngapi. Yote kwa mwandiko wangu mzuri. Mjinga gani aliniambia niandike na nyumba? Hakuna aliyeniambia. Nilipenda tu kuandika.

Jumamosi, 8 Agosti

Nilitaka kuchoma. Papa kanipokonya kiberiti. Jalada gumu la msahafu hutengenezwa kwa karatasi kuukuu, moja juu ya nyingine kwa gundi, zikandamizwe mpaka ziwe ubao. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. "Hii iko karatasi, mutoto yangu. Karatasi iko kazi yangu."

Tumebandika kutwa. Wanafunzi wote sasa ni mbao tisa zinakauka uani, na waasi wamepita mlangoni, wamemsalimia mzee, wamekwenda zao. Nimecheka mpaka tumbo likauma.

Jumanne, 18 Agosti

Nimekumbuka kitabu chekundu asubuhi, niko na kikombe cha chai mkononi. Siku kumi na mbili nimefikiria kadi tu! Kitabu chenyewe, chenye muhuri wa chuo, kiko nyumbani kwa Alufonsi.

Nimekimbia mpaka maporomoko. Nimechelewa kwa siku moja. Jana waasi walipekua nyumba. Kitabu cha samaki walikifungua, wakaona michoro ya samaki katika nyumba ya wavuvi, wakakitupa. Kile chekundu hawakukitupa. Mutu wa sheria iko mutu wa serikali, walisema. Wakamchukua.

Angekuwa na samaki wake peke yake angekuwa mtoni leo. Ni mimi.

Alhamisi, 1 Oktoba

Hakuna habari. Mama yake Alufonsi anapeleka lituma, ndizi za kuponda, kila siku pale wanapofungia watu. Wanapokea chakula. Hawasemi nani anakula.

Nimekaa nakumbuka kelele za saa sita, viti vikiburutwa, wa sayansi na wa sheria wakigombea gazeti moja. Nilikuwa nikiwafokea wanyamaze. Mungu wangu, wangerudi wapige kelele.

Jumatano, 2 Desemba

Jeshi la serikali limerudi wiki iliyopita. Chuo kinahamia mji mkuu. Wakubwa wanataka majina ya wanafunzi, na orodha zao zote zimeungua.

Papa ameloweka mbao kwenye beseni. Kadi zimeachana polepole, wino umevuja kidogo, majina yanasomeka. Waliojitokeza wamepata ushahidi wao. Wamenikumbatia.

Kadi ya Alufonsi ilikuwa katika ubao wa nne. Vitabu alivyochukua: samaki, sheria, picha, magazeti, samaki, sheria. Mtu aliyefungwa naye amerudi jana. Anasema waasi walimpiga Alufonsi risasi wiki ile ile ya kwanza. Lile lituma lote walikula wengine.

Sijakwenda kwa mama yake. Naogopa macho yake.

Jumapili, 17 Januari 1965

Mama yake Alufonsi amekuja mwenyewe. Amevuka mji mzima kwa miguu, kitabu cha samaki amekifunga kwa majani ya ndizi na kamba ya mtego. Amesema mwanawe alikuwa anawaonya watoto wasikiguse, kiko cha watu, kitarudishwa.

Nimemwambia yote. Kwamba kile chekundu nilimlazimisha mimi. Amesikiliza, amekaa kwenye mkeka wa papa, hakulia. Kisha: "Najua. Alitufundisha sheria yako. Kwa Sefu mutu hatoki na kimoja. Bon, haya, nipe kingine."

Hajui kusoma. Vitabu vya chuo vilivyobaki hapa kwa papa havijazi hata rafu moja. Amevifungua kimoja kimoja, akachagua cha wachoraji, chenye mto umechorwa kwa rangi.

Nimeitoa kadi ya Alufonsi. Nimeandika kwamba cha samaki kimerudi. Chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri, nimeandika jina la mama na kitabu alichochukua. Tarehe ya kurudisha sikuandika.