Sauti ya Aliyeota Magamba

Kaka Maduhu,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa marahaba yako siitarajii tena.

Banda letu la video hapa Masumbwe bado lipo. Wachimbaji wanajaa kama zamani, na kipaza sauti nashika mimi, uliyenifundisha kutafsiri filamu. Jana walitaka ile ya daktari aliyejidunga dawa yake mwenyewe akaota magamba. Nilikataa, wakanizomea, nikaiweka.

Unakumbuka nilivyokubishia? Daktari akishageuka mnyama, kwenye filamu anakoroma tu. Wewe ulimpa maneno: "Mke wangu, usikimbie, ni mimi." Nikakuuliza umeyatoa wapi, mbona hasemi kitu. Ukasema, "Mtu hawezi kwisha ghafla namna hiyo, Mama Pili. Tujuaje kama bado yumo?" Nikakucheka. Waliotengeneza filamu hawajui, utajua wewe wa Maganzo?

Kisha kiharusi kikakuangusha. Mdomo ukaenda upande, ikabaki sauti ya kukoroma. Siku ya pili dada zako wakanisogeza kitandani pako. "Wewe umemzoea. Anasema nini?" Ulikuwa umenikazia macho. Ulirudia sauti ile mara tatu, na kila mara ilipanda mwishoni, kama mtu anayeuliza. Niliogopa, Kaka. Mate yalikuwa yanakutoka, sikutaka kukuinamia. Nikawaambia, "Hasemi kitu. Ni ugonjwa tu."

Wakaniamini. Tangu hapo hakuna aliyekusemesha. Walikugeuza, wakakufuta, wakajadili mazishi yako mbele yako, kaburi lichimbwe wapi, ng'ombe atoke wapi. Nikaona machozi yanakutiririka mpaka sikioni. Hata hapo nilinyamaza. Siku ya tano ukafa.

Ulikuwa unauliza nini? Maji? Mwanao? Au uliniuliza kama bado nakujua? Nina aibu, Kaka.

Jana daktari alipogeuka, banda zima lilicheka. Nilitaka kusema maneno yako, yakanishinda. Nikaweza kusema tu, "Bado yumo. Msemesheni." Mmoja akaguna, wengine wakaacha kucheka.

Jumapili nakwenda Maganzo kuwaambia dada zako kwamba niliwadanganya. Wakinifukuza, ni haki yao. Lakini kwanza watanisikiliza.

Kwaheri, Kaka. Nitawaambia ulikuwemo, na mimi nilikuona.

Mama Pili