Bi Mwanamwema na Kiti Ambacho Angekichukia

Mwaka umetimia, mama yetu Bi Mwanamwema, tangu Mwenyezi Mungu alipokuchukua kwa ghafla, na binti yako Rukaiya hasira hazijamwisha. Anakukasirikia wewe, maana uliondoka bila kutuachia ulichokuwa ukikijua. Zaidi anatukasirikia sisi, na haki anayo.

Uliuza vitambaa mtaani Mlandege mpaka magoti yakakataa ngazi. Ndipo ulipokwenda kwa daktari mmoja wa Kichina, ukarudi na vifurushi vya mizizi na magome ya kuchemsha, na mazoezi ya polepole ya mikono na miguu. Chungu chako kilinuka nyumba nzima, hata mwanao Hisham akawa anakwenda kula kwa jirani. Wewe ukicheka tu. "Si ya kurudisha ujana," ulikuwa ukisema. "Ya kuuzoesha mwili uzee." Na vidonge vya presha vya hospitali hukuviacha.

Kisha ukamvuta dada yako, Bi Riyama, aliyekuwa hatoki kitandani na ameanza kusahau majina yetu. Kila baada ya sala ya alfajiri mlikuwa uani, mnainua mikono taratibu, mnahamisha uzito mguu kwa mguu, nawe ukimhesabisha kwa sauti ili akili nayo isilale. Tuliwacheka. Haikupita miezi mingi, akawa anakwenda sokoni Darajani mwenyewe, anabishana bei ya ndizi na kumwita kila mtu kwa jina lake.

Ulipofariki, watu walisema palepale msibani, "Mbona dawa za Kichina hazikumfaa?" Rukaiya aliinuka akaenda jikoni asije akatoa neno baya. Nasi tukaanza kumheshimu Bi Riyama kwa namna yetu. Hisham alimnunulia kiti cha mito. "Kaa, mama mkubwa, sisi tupo." Maji analetewa, viatu anavalishwa. Rukaiya akapiga kelele mpaka akachoka: "Mnamuua kwa adabu!" Tukamwambia hana huruma. Ikafika Bi Riyama haendi msalani bila kushikwa, na akimwona Hisham humwita Talib, jina la marehemu mumewe.

Juzi tulikusomea hitma. Wageni walipoondoka, Bi Riyama akauliza kutoka kitini, "Hivi Mwanamwema akianza na mguu gani?"

Hisham akasema wa kulia, maana jambo la kheri huanzia kulia. Mkewe, Sheikha, akasema wa kushoto. Wakabishana kama wanaogombea kiwanja. Rukaiya naye hakujua, na hilo ndilo lililomchoma.

"Hamna mnalolijua nyinyi!" Bi Riyama akafoka. "Nshachoka kukaa. Nipisheni!"

Hisham alikimbilia kumshika, Rukaiya akamvuta kanzu. Bi Riyama akasukuma mikono ya kiti, akasimama anatetemeka, akatanguliza mguu wa kushoto.

"Moja," akasema.

Alifika tatu, akashika ukuta. Kesho yake akataka tena.

Kiti tumekitoa. Unakumbukwa na dada yako Bi Riyama, wanao Hisham na Rukaiya, mkweo Sheikha, na wajukuu zako wote. Mola akurehemu na akupe kauli thabiti. Hatutakusahau, mama. Alfajiri tupo uani, na anayetuhesabia ni dada yako.