Siku Tatu za Sikukuu Salamabila

Salamabila, 24 Julai 1947

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku tu wazima wa mwili. Natumai kifua cha Mama kimepata nafuu na wote hapo Ujiji hamjambo.

Uliniagiza nikueleze ninavyoiona nchi hii ya bibi zetu, nami huu ni mwezi wa tatu tu tangu Yakubu anilete machimboni. Siku chache zilizopita tulipata siku tatu za mapumziko, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Wabelgiji. Yakubu alikuwa ameniahidi kunipeleka Nyangwe nikaone mto. Baadaye akasema kapita kama yeye, msimamizi wa wachimbaji, hawezi kukosekana kwenye sherehe. Sikununa. Jumamosi tulitembea sokoni, akaninunulia samaki. Jumapili ngoma zilipigwa mchana kutwa, nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatatu walipandisha bendera, na sisi wake wa makapita tukawekewa viti. Mbuzi walikuwa motoni. Mzungu mkubwa wa machimbo akamwita mchimbaji mmoja, Théophile, ambaye asubuhi hakuja kusalimu bendera. Théophile akasema, "Bwana, mutoto yangu alikufa jana. Nilikuwa namuzika."

Walimlaza kifudifudi palepale, kati ya viti na mbuzi. Aliyeshika fimbo ya ngozi ya kiboko alikuwa Yakubu. Alivua koti, akanipa nimshikie. Alihesabu kwa sauti mpaka nane. Mzungu alipocheka, watu nao wakacheka.

Kisha alinawa, akaja kukaa kando yangu, ananuka jasho na sabuni. "Kula, Subira, nyama itapoa." Tone la damu lilikuwa limemrukia sikioni, wala hajui. Nilitapika mbele ya watu. Tangu siku hiyo, akinigusa ngozi yangu yote inasisimka kama nimetambaliwa na funza.

Baba, nifanye nini?

Mwanao,
Subira

Ujiji, 19 Agosti 1947

Mwanangu Subira,

Marahaba. Barua yako imefika. Kifua cha Mama kimetulia, anakusalimu sana. Sikumsomea yote.

Habari hiyo imeniuma. Lakini mumeo ni mtu wa kutumwa. Mzungu akiamuru, yeye atafanya nini? Angekataa, angelazwa chini yeye. Nilimchunguza kabla ya kukuoza: anaswali, hanywi, ana heshima. Nenda ukawape pole wafiwa, kisha mwambie Yakubu taratibu aombe kazi nyingine. Moyo wako utamrudia.

Ndimi baba yako

Kasongo, 12 Oktoba 1947

Baba,

Shikamoo, na Mama umpe salamu zangu. Nakuandikia kutoka Kasongo, nyumbani kwa mama mmoja Mkristo, mkulima wa mpunga, anaitwa Julienne. Miguu imenivimba, vinginevyo siumwi.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpelekea unga mke wa Théophile, Pascaline. Hakunitukana. Alisema tu, "Mama, rudisha hii bunga. Hatuwezi kuikula," akafunga mlango.

Kisha nikamwuliza Yakubu, kwa upole, kama siku ile alilazimishwa. Alikuwa anang'arisha viatu.

"Hapana," akasema. "Mzungu aliuliza ni nani iko na mukono ya nguvu. Mimi nikanyoosha mukono."

Akaongeza kwamba inakuja sikukuu nyingine Novemba, nitafute kitambaa kipya, maana safari hii kiti changu kitakuwa karibu na cha bibi ya mzungu. Akarudi kwenye viatu vyake, anapiga mluzi.

Sikutapika tena, Baba. Niliona kinyaa kikavu, cha kutotaka hata kuvuta pumzi chumba kimoja naye. Kesho yake alipokwenda kazini, nikafuatana na wanawake wa upande wa Wamaza waliokuwa wanarudi kwao, na kutoka huko nikatembea mpaka hapa.

Siombi ruhusa. Nakujulisha nilipo.

Subira wako

Ujiji, 7 Januari 1948

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa miguu. Nisamehe kwa kukuacha miezi yote hii bila jibu.

Barua ya Yakubu ilitangulia yako. Alisema umeharibika akili, akataka nikurudishe kwake. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumwomba radhi kwa niaba yako. Ilipofika yako, nikaichana ile niliyoianza, nikamwuliza neno moja tu: je, ulitumwa?

Jibu limefika juzi. Anasema hakutumwa. Ameandika kwa fahari, anataka nifurahi kwamba mkwe wangu anaaminiwa na wazungu. Nilishindwa kuimaliza. Mama yako nimemsomea barua zote, zako na zake, na tangu juzi hasemi nami.

Tafuta lori mpaka kwenye treni, ufike Albertville, upande meli. Mimi niliyempa mkono siku ya ndoa ndiye nitakayesimama mbele ya kadhi kuidai talaka yako. Kila meli itakayotoka upande huo, nitakuwa gatini Kigoma.

Nilikosa, mwanangu.

Baba yako