Madigadi na Joho Jeupe la Baba

Namwon, Seogwipo,
Kisiwa cha Jeju.
2 Julai 2023.

Mpendwa Shangazi Ok-sim,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Osaka ukiwa mzima, na goti lako limepata nafuu tangu uache kupanda zile ngazi za dukani. Je, mwanao Mika bado anakusaidia kukata kabichi za kimchi, au ameshapata kazi yake mwenyewe? Na hilo joto la huko, mnapata usingizi kweli?

Sisi huku hatujambo. Mvua za majira ya joto zimetukalia kooni, nguo hazikauki, na ukungu umeanza kuota hata kwenye viatu vilivyo kabatini. Michenza imefunga matunda vizuri mwaka huu. Nayapunguza mabichi ili yatakayobaki yanenepe, na mgongo unaniuma kama wa bibi kizee.

Baba ni mzima. Najua hujamuuliza. Katika barua zako unamsalimu kila mtu, hata mbwa wetu, ila yeye. Sikulaumu, kwa kuwa nilikuwepo siku ya mazishi ya Bibi. Ulikuwa umesimama kando ya njia ya mashambani na nguo zako nyeupe za msiba, naye akapita mbio na lori lake kwenye dimbwi, akakuogesha tope jeusi toka nywele hadi viatu mbele ya ukoo mzima. Hakusimama. Uliporudi Osaka hukumuaga, na tangu hapo hujakanyaga kisiwa. Naye kila akiguswa kuhusu siku ile hujibu jambo lilelile, kwamba si yeye, ni lori, madigadi ya magurudumu yalikuwa yamekatika.

Nakuandikia kukuomba uje mwezi wa nane, tutakapofyeka nyasi za makaburi ya ukoo. Baba umri umekwenda, na wewe pia, usinichukie kwa kusema hivyo. Lakini kabla hujakunja barua hii, niruhusu nikusimulie habari ya gari langu, maana ombi limetokea humo.

Baba alirudisha leseni yake tangu majira ya kuchipua, na lori tukaliuza. Mimi nikanunua gari la umeme, dogo, la buluu. Mwanzoni hakutaka hata kuligusa. Siku lilipofika alikuja tu kutimiza wajibu, na samaki wake mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, akafungua boneti ili amfunge juu ya injini kama alivyofanya kwa kila gari alilowahi kuwa nalo. Alikuta sanduku la plastiki na nafasi tupu.

"Injini iko wapi?"

"Halina, Baba."

"Halina? Basi umeuziwa kabati lenye magurudumu." Akamgeuzageuza samaki mkononi. "Sasa huyu atamlinda nani humu?"

Akamlaza hivyohivyo kando ya chupa ya maji ya kuoshea kioo, akafunga boneti taratibu. Ndipo udadisi ulipomshika, Shangazi, na haujamwachia hadi leo. Kila asubuhi analizunguka gari, analitegea sikio, anaupapasa waya wa kuchajia kuona kama una joto. Nilipomwambia kwamba gari likipunguza mwendo umeme unarudi kwenye betri, aliniona tapeli. Akanilazimisha nimteremshe kutoka mlimani hadi baharini, macho yake yakiwa kwenye namba ya betri tu. Namba ikapanda. Tulipofika ufukweni akaniomba tupande tena, tuteremke tena.

Siku moja akainama nyuma ya gurudumu, akakaa pale muda mrefu.

"Hili halina madigadi," akasema.

Kwa kweli lilikuwa halina. Yalikuwa yanauzwa peke yake, nami sikuona haja. Magari mapya yote hapa kijijini yanatembea bila ile mipira ya kuning'inia nyuma ya magurudumu, na hakuna aliyelalamika. Lakini Baba aliingia chumbani akakataa chakula cha mchana, mtu mzima yule, mpaka nikaagiza.

Yalipofika akamwita jirani yetu, Mzee Hyeon, aje kumshikia vifaa. Unamkumbuka, mdomo haujapata kupumzika. Walitandika mkeka uani, Baba akaingia chini ya gari kichwa kizima. Hofu yangu ilikuwa keekee. Chini yote ya gari hili ni betri, na Baba ni mtu wa kutoboa kwanza na kuuliza baadaye. Safari hii alinishangaza. Aliweka keekee pembeni, akaanza kutafuta skrubu zilizokuwepo tangu kiwandani ili atumie matundu yaleyale. Kuzifikia za mbele ilibidi nikae ndani nikate usukani, kushoto hadi mwisho, kisha kulia.

"Limezimika?" akauliza kutoka chini.

"Limezimika, Baba."

"Na ile mara ya kwanza, uliponiambia limewaka, mbona lilikuwa kimya vilevile?"

"Chang-seop," Mzee Hyeon akasema, "hilo likikukanyaga hata wewe mwenyewe hutajua. Sisi tutadhani umelala."

"Wewe shika skrubu. Domo lako litie mfukoni."

Walipomaliza, Baba akatoka, akayatazama madigadi, akasema ni mafupi. Akaenda kukata vipande kwenye ule mkanda mzito wa mpira wa mashine yetu ya zamani ya kuchambulia machenza, akavifunga kwa boliti chini ya yale ya dukani. Sasa gari langu linaonekana kama bata aliyevaa suruali ya kaka yake. Nikamuuliza kwa nini anahangaika hivyo kwa gari ambalo hata haliendeshi.

"Muulize Ok-sim wa Osaka," Mzee Hyeon akadakia.

Spana ya Baba ikasimama. Ndipo nikaelewa, nikaona haya kwa kuwa sikuelewa mapema.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika kidogo. Baba aliniambia niwashe gari, tukaenda sisi watatu hadi njia ile ya chini ya kaburi la Bibi. Dimbwi bado lipo, Shangazi, palepale kwenye kona ya ukuta wa mawe. Baba alichomeka mwanzi kando yake akauvisha shuka jeupe, ili aone litachafuka kiasi gani. Unajua upepo wa hapa. Haukumpa hata nafasi ya kurudi nyuma, shuka likaenda kuivaa michenza ya Mzee Hyeon.

Baba akatuambia tumsubiri, akarudi nyumbani kwa miguu na fimbo yake. Alipotokea tena alikuwa amevaa joho lake jeupe la matambiko, lile ambalo tangu Mama afariki hataki mtu mwingine alipige pasi. Alikwenda akasimama uliposimama wewe.

"Pita," akaniambia. "Kama nilivyopita mimi."

"Baba, twende nyumbani."

"Jeong-ran. Pita."

Nilipita. Nilikwenda kwa mwendo ule alioutaka, na gari likalipasua dimbwi kimyakimya. Niliposimama na kurudi mbio, nilimkuta hajasogea. Tope lilikuwa linamchuruzika kwenye nyusi. Joho lilikuwa jeusi kuanzia kifuani hadi chini.

Hakujifuta. Alitembea hadi kwenye gari, akainama akayashika madigadi, akatazama njia nyuma yake.

"Nyuma halikuruka hata tone," akasema. "Limeruka pembeni."

"Ndiyo, Baba. Hayo yanazuia ya nyuma tu."

"Kwa hiyo hata lori lingekuwa nayo..."

Mzee Hyeon, ambaye hakosi neno hata msibani, alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nalia na sikuona sababu ya kuficha. Baba alishika fimbo kwa mikono miwili, akalitazama lile dimbwi lililokuwa limeanza kutulia.

"Ilitakiwa breki tu," akasema. "Kukanyaga breki." Kisha akaniambia, "Mwandikie."

"Nimwandikie nini?"

"Kwamba halikuwa lori."

Basi nimekuandikia. Joho hajataka lifuliwe. Limetundikwa barazani limekauka na tope lake, na shangazi zangu wengine wa ukoo wakipita wanauliza kuna nini. Anasema siku ya kufyeka, tukishamaliza kazi na kutandika vyakula mbele ya kaburi la Bibi, atalivaa hivyohivyo mbele ya wote, kwa kuwa wewe ulichafuliwa mbele ya wote. Nimejaribu kumbembeleza, hasikii. Natamani uwepo. Nafikiri bila wewe atakuwa mzee mchafu tu mbele ya kaburi, naye anajua hivyo, ndiyo maana usiku hatulii.

Nisalimie Mika na mumewe, na yule mtoto wao mdogo anayeogopa kaa. Nisalimie pia Mama Ko wa duka la pili, mwambie mwani wake nitauleta mwenyewe nikija. Huku Mzee Hyeon anakusalimu, na mbwa anakusalimu. Mungu alilinde goti lako, na bahari iwe shwari siku utakayovuka.

Ni mimi wa huku, binti wa kaka yako, ambaye hajaacha kukupenda wala kukungoja,

Bu Jeong-ran

Shangazi, nilimpa Baba barua aisome kabla sijaifunga. Ameongeza maneno haya hapa chini kwa mkono wake:

Ok-sim. Njoo. Siendeshi mimi.