Dakika ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Februari

Chai. Dawa ya presha. Dirisha nimelifunga mapema kabla tumbili hawajaja kuiba mkate. Kisha kompyuta ndogo ya sebuleni, ile iliyounganishwa na televisheni, kwa mara ya tano tangu Ijumaa. Filamu ya mazishi ya mama bado inakwamakwama.

Niandike sawasawa, labda nitaelewa. Mama alizikwa Novemba, Bukavu. Sikuenda. Karatasi zangu za ukimbizi zinaniruhusu kusafiri popote isipokuwa kwetu. Mdogo wangu Bahati alitafuta mpiga picha mzuri, akanitumia filamu kwenye flashi kwa mkono wa msafiri. Picha safi kabisa. Majani ya mgomba unayahesabu. Ila mashine yangu haiwezi kuibeba. Picha inasimama, inaruka, inasimama tena. Padre anainua mkono, mara mkono umeshashuka.

Jumamosi ya tarehe 15 tunamaliza matanga hapa nyumbani. Watu wetu wa mitaa ya Overport na Berea watakuja kuangalia, kwa maana asiyeona udongo ukimwagwa hajazika. Ndivyo tulivyokubaliana sisi tulio mbali. Nina siku kumi na mbili.

Na kuna jambo moja ninalolitaka zaidi ya hayo yote. Katika ukoo wetu, kabla ya udongo, mjomba huita jina la mzaliwa wa kwanza mara tatu. Mzaliwa wa kwanza huitika "Niko", kisha hutupa udongo wa kwanza. Akiwa mbali, mdogo wake huitika kwa niaba yake. Nilimwomba Bahati aniitikie. Alisema sawa. Nataka kumsikia akiitika. Na ni hapo hasa ambapo filamu inaruka. Mashine ina roho mbaya.

Jumanne, 4 Februari

Nilidhani kosa ni flashi. Flashi ya bei rahisi husoma polepole, kama bomba jembamba: maji yapo, hayafiki kwa wakati. Nimenakili filamu yote ndani ya mashine.

Si flashi.

Jumatano, 5 Februari

Nimeshuka soko la Warwick kwa taxi, mashine ndani ya mfuko wa sokoni. Fundi wa simu, kijana wa Lubumbashi, ameigeuza mara mbili mkononi.

"Prof, hii haiko kompyuta. Iko calculatrice."

Watu waliokuwa kwenye foleni wamecheka: mashine ya kujumlishia hesabu! Akaniambia ninunue nyingine. Nikamweleza kwamba mashine hii inakula umeme kidogo kuliko balbu ya zamani, kwamba haina kelele, kwamba kwa miaka minne imenionyesha misa na habari bila kulalamika. Alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine.

Nimepanda mlima kwa miguu hadi robot ya pili, zile taa za barabarani. Joto la Februari. Nimechukia kila mtu niliyepishana naye.

Alhamisi, 6 Februari

Binti yangu Furaha alitoka kazini saluni mapema, akaniletea ile filamu kwenye simu yake. Bahati alikuwa amemtumia nakala iliyobanwa, ndogo. Inacheza bila kukwama. Lakini nyuso zimekuwa uji. Mama ndani ya sanduku ni doa la kahawia.

"Papa, tuonyeshe hii. Watu watalia vilevile."

Nilimwambia sikungoja miezi mitatu ili nilie mbele ya doa. Aliirudisha simu mfukoni. Ana miaka thelathini na mbili na hajamwona bibi yake kwa macho tangu akiwa mtoto. Nilipaswa kulisema hilo kwa upole zaidi.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimefanya nilichowafundisha wanafunzi miaka ishirini na sita: acha kulaumu, pima. Badili kitu kimoja tu, andika matokeo.

Filamu ikicheza, prosesa, ule ubongo wa mashine, inafanya kazi asilimia tisini na nane. Inahema. Sababu nimeipata. Filamu ya kisasa hukunjwa kwa ustadi ili ichukue nafasi ndogo, na kila anayeitazama lazima aikunjue papo hapo, picha ishirini na tano kila sekunde. Mashine ina chipu maalumu ya kukunjua, lakini chipu yangu ni ya zamani. Inajua mikunjo ya zamani tu. Kwa hiyo kazi yote inamwangukia prosesa, ambaye hakuumbwa kwa kazi hiyo, naye anaangusha picha njiani. Sauti ni nyepesi, inapita. Ndiyo maana padre anaendelea kusali wakati uso wake umeganda.

Dawa: kuikunja filamu upya kwa mtindo wa zamani. Kazi hiyo haihitaji haraka. Mashine dhaifu inaweza kufanya lolote ukiipa muda.

Nimeianzisha saa nne asubuhi. Inasema saa thelathini na moja.

Jumamosi, 8 Februari

Inaendelea. Nimefungua kifuniko, nimetoa vumbi la miaka minne, nimeelekeza feni ya chumbani juu yake. Furaha amelala kwa joto kwa sababu ya feni hiyo.  Angelalamika ningefurahi.

Imemaliza magharibi. Sijaiangalia. Naogopa, ndiyo.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya misa nimeiwasha. Prosesa asilimia kumi na mbili. Inateleza. Kamera ilipozunguka bado picha ilitetemeka kidogo, nikakumbuka televisheni inabadili picha mara sitini kwa sekunde na filamu ni ishirini na tano. Hizo namba hazigawanyiki. Nimeiweka hamsini. Mbili kwa moja. Mtetemo ukaisha.

Nimemwona mama. Wamemfunga kile kitambaa cha bluu nilichomtumia. Nimelia kama mtoto na sijali.

Kisha dakika ya arobaini na moja, sekunde ya nane. Mjomba anasogea ukingoni, mwavuli mkononi, anaita jina langu: "Byamungu!" Anafungua mdomo tena. Filamu inaruka. Udongo unaanguka.

Nimerudisha. Pale pale. Mara sita.

Jumatatu, 10 Februari

Sikutaka kuyaandika haya. Nayaandika kwa mpangilio.

Kwanza: kukwama kwa mashine huhamahama. Leo hapa, kesho pale, kufuatana na joto na kazi. Huku hakuhami. Arobaini na moja na nane, katika filamu ya flashi, katika ile niliyoikunja upya, na hata katika kijidude cha simu ya Furaha.

Pili: mashine ilipokwama sauti iliendelea. Hapa sauti nayo inaruka. Kuna mama mmoja anaimba. Neno lake linakatwa katikati.

Tatu: mwavuli wa mjomba. Kabla ya kuruka ameushika yeye. Baada ya kuruka ameushika mtu mwingine.

Kosa la mashine halijui dakika. Kuna mtu amekata.

Ni mtu mmoja tu aliyekaa na mpiga picha. Siku kumi nimekuwa nikiitukana mashine isiyo na hatia.

Jumanne, 11 Februari

Nimempigia Bahati. Nilimtajia tu dakika ya arobaini na moja. Nikasikia anavuta kiti.

"Kaka, si ulikuwa umetulia? Unachimbua nini?"

Hukuitika, nimesema. Hapana, sikuandika vizuri. Nilimuuliza kama hakuitika. Akasema hakuitika. Mjomba aliita mara tatu, watu wote wakamgeukia, na mdomo wake ukakataa.

"Nilikuwa nimejipanga, kaka. Lakini mama alikuwa pale miguuni. Nimwambie uko, na hauko?"

Nikasema ni desturi, si ushahidi mahakamani. Nikaanza kumweleza maana ya niaba. Akanikatiza, kitu ambacho Bahati hajawahi kukifanya tangu azaliwe.

"Kila Jumapili ulimweleza mama dawa zake kwenye simu. Hii asubuhi, hii jioni, hii inafanya nini kwenye damu. Vizuri kabisa. Mimi ndiye nilimmezesha. Miaka sita. Na akitapika, mimi."

Halafu akasema aliikata ile sehemu ili nisiaibike mbele ya watu wa huku. Aliniambia hivyo kama mtu anayerudisha sahani aliyoivunja.

Nimekata simu. Nina hasira naye. Nina hasira zaidi kwa sababu hakuna sentensi hata moja ninayoweza kuisahihisha.

Jumatano, 12 Februari

Nimemtumia ujumbe: nipe kilichokatwa. Amejibu: "Wewe ni mkaidi kama mama." Saa nane mchana kikafika. Sekunde hamsini na mbili.

Nimekitazama mara moja.

Alhamisi, 13 Februari

Nani huzungumza kwenye vilio vya watu hapa? Mimi. Nani huwaambia vijana wapige simu nyumbani, wasiwasahau wazazi? Mimi, nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu ya kiti. Jumamosi watu hao wote watakaa sebuleni kwangu. Nikionyesha filamu yote, watajua mdogo wangu alishindwa kusema kwamba niko. Nikionyesha iliyokatwa, hakuna atakayejua. Watasema eish, ile mashine ya Prof.

Furaha anasema niache.

"Papa, watu wa hapa wana mdomo. Hata Mama Nzigire."

Mama Nzigire ndiye mkubwa wetu, ndiye anayefungua na kufunga matanga. Ana mdomo, kweli. Ana masikio pia.

Ijumaa, 14 Februari

Nimerudisha sekunde hamsini na mbili mahali pake. Kazi ya nusu saa. Hakuna anayeweza kuona kiungo. Nimejaribu filamu yote mara mbili, feni ikiwa imezimwa, ili kuwa na hakika. Haikwami popote.

Si ushujaa. Nimechoka kuishi kwenye nakala iliyobanwa.

Jumamosi, 15 Februari

Walikuja ishirini na wanne. Wengine walikaa kwenye ndoo. Mama Nzigire alifungua kwa sala, kisha akaangalia kile kisanduku chini ya televisheni.

"Papa Furaha, leo kadude kako katatufikisha makaburini ao tutabaki njiani?"

Wakacheka. Nikacheka nao.

Filamu ilikwenda kama maji. Watu walilia pale nilipolia mimi. Wimbo wa kwaya waliupokea, chumba kizima. Kisha dakika ya arobaini na moja.

"Byamungu!"

Kimya. Mjomba amesimama. Watu wa kule wamesimama. Bahati anatazama chini.

"Byamungu!"

Kimya tena, kirefu. Hakuna anayesogea kwenye picha. Mwanamume mmoja nyuma ya chumba alisonya. Mama Nzigire akanigeukia.

"Imekwama tena?"

"Hapana, mama. Inaenda. Angalia mvua."

Wakaangalia. Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mwavuli wa mjomba, tone kwa tone, bila kuruka hata moja. Nikasikia chumba kikielewa. 

"Byamungu!"

Mama Nzigire alinishika kiwiko. Alisema kwa sauti ndogo, si ya mdomo wake wa kila siku: "Itika basi, papa. Anakungoja."

Nilifungua mdomo. Neno ni moja, silabi mbili. Nilikuwa na watu ishirini na wanne wa kuniunga mkono, na mama alikuwa kwenye kioo, si miguuni pangu. Mdomo wangu nao ukakataa.

Mjomba akampa mtu mwavuli. Bahati akainama, akachota udongo, akautupa. Wa kwanza ulikuwa wake.

Walikula, wakanawa. Kila mmoja alinishika mkono akitoka, na hakuna aliyetaja mashine. Mama Nzigire alifunga matanga. Kwangu alisema tu: "Mdogo wako aliona haya kudanganya. Huyo amelelewa."

Nilitaka kumwambia nani alimlea. Nikamfungulia mlango.

Jumapili, 16 Februari

Viti vimerudi kanisani. Nimechomoa mashine, nimeifuta, nimeifunika kitambaa. Haikuwa na kosa tangu Jumapili ile.

Mchana nimempigia Bahati. Ni saa ile ile niliyokuwa nikimpigia mama. Akauliza kama tumemaliza. Nikasema tumemaliza, wameona yote. Akaanza kunieleza habari za kaburi: udongo umeshuka upande mmoja kwa mvua, anataka kupanga mawe, hajui ayapange vipi yasiteleze.

Najua yanavyopangwa. Ni somo la kidato cha tatu.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Sikumweleza kitu.